Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Bunge la Kanada Lilizitoza Ada Mbao za Nchi Yake?

Katika toleo lililopita tuliyataja kwa ufupi makubaliano ya mbao laini (za miti kama misonobari) yaliyofikiwa na Kanada na Marekani mwaka 2006. Barua zilizotufikia kutoka Elburgon, Njoro, Kisumu na Molo zinaonyesha kwamba ufupi ule haukuwatosha wasomaji, na wanayo haki. Tunajibu barua nne.

SWALI: Kwako Mhariri. Ninapasua mbao Elburgon, na tangu marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 nimejua kwamba riziki yangu inaweza kusimamishwa na uamuzi uliotolewa mbali nami. Mliandika kwamba Marekani iliwalalamikia Wakanada kwa sababu ya bei ambayo serikali zao huwauzia miti. Mtu akiuziwa mti na serikali yake, jirani analalamikia nini? – Msomaji, Elburgon

JIBU: Ndugu yetu, mgogoro wote umejengwa juu ya bei ya mti ambao bado umesimama. Wewe unapopata idhini ya kuvuna katika shamba la miti la serikali, hulipa kwanza ndipo uangushe saiprasi, na malipo hayo yakiwa madogo, mbao zako zinaweza kuuzwa kwa bei nafuu bila wewe kupata hasara. Nchini Kanada sehemu kubwa sana ya misitu ni mali ya umma iliyo chini ya serikali za majimbo, na majimbo ndiyo yanayopanga ada ya kukata miti. Nchini Marekani misitu mingi ya biashara inamilikiwa na watu binafsi na kampuni, na bei ya miti hutokana na ushindani wa wanunuzi. Wenye viwanda wa Marekani wamedai tangu 1982 kwamba ada za majimbo ya Kanada ziko chini ya bei ya soko, na kwamba tofauti hiyo ni ruzuku. Kanada imekana dai hilo miaka yote. Mwezi Mei 2002 Marekani ilianza kutoza mbao hizo ushuru wa takriban asilimia 27. Majopo ya Mkataba wa Biashara Huria wa Amerika Kaskazini yalitoa maamuzi yaliyoiunga mkono Kanada mara kadhaa, lakini ushuru uliendelea kukusanywa, na kufikia 2006 fedha zilizoshikiliwa zilikuwa zimepita dola bilioni 5.

SWALI: Mhariri mpendwa, mmesema kwamba makubaliano yalitiwa saini tarehe 12 Septemba 2006. Ikiwa waziri alikwisha kutia saini, Bunge lilikuwa likijadili nini hadi Desemba? Tena, serikali gani hutoza kodi bidhaa ambazo watu wake wanauza nje? – Mwanafunzi, Njoro

JIBU: Tuanze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalofungua la kwanza. Kwa makubaliano hayo, Marekani ilikubali kufuta ushuru wake wa mpakani, na Kanada ikakubali kuzitoza mbao zake ada zinapotoka kwenda Marekani. Jambo hilo linaonekana la ajabu mpaka utazame fedha zinaingia mfuko wa nani. Ushuru wa mpakani uliingia mikononi mwa serikali ya Washington, ilhali ada inayotozwa na Kanada ingebaki Kanada, na sheria iliagiza kwamba, baada ya gharama kuondolewa, fedha hizo ziende kwa majimbo. Mpasuaji wa Marekani naye alipata kinga aliyoitaka, kwa sababu mbao za Kanada zilimfikia mnunuzi zikiwa zimebeba mzigo wa ada.

Hata hivyo, waziri anaweza kuahidi kodi lakini hawezi kuitoza. Katika mabunge yaliyorithi desturi ya Uingereza, kodi haitozwi pasipo sheria, na kwa sababu hiyo Waziri wa Biashara ya Kimataifa, David Emerson, aliwasilisha Mswada C-24 tarehe 20 Septemba, siku nane baada ya saini. Angalia vizuri kilichowekwa mbele ya wabunge. Hawakuulizwa kama wanayakubali makubaliano, kwa sababu kutia saini mikataba ni mamlaka ya serikali kuu ya Kanada. Waliulizwa kama wanaikubali kodi. Kila aliyetaka kuyapinga makubaliano ilimbidi apitie mlango huo mmoja, na hata neno moja la makubaliano yenyewe hakuweza kulibadilisha.

Ada ilifuata bei ya soko. Futi 1,000 za mbao (kwa kipimo cha futi ya mraba yenye unene wa inchi moja) zikiuzwa kwa zaidi ya dola 355, hakukuwa na ada. Kati ya dola 336 na 355 ilikuwa asilimia 5. Kati ya 316 na 335, asilimia 10. Na bei ikishuka hadi 315 au chini yake, asilimia 15. British Columbia na Alberta zilichagua njia hiyo. Ontario, Quebec, Manitoba na Saskatchewan zilichagua ada ndogo, ya asilimia 2.5 hadi 5, pamoja na kikomo cha kiasi cha mbao kinachoruhusiwa kutoka. Yeyote aliyewahi kuuza mbao ataona palipo na uchungu: ada ilikuwa kubwa zaidi wakati ambapo muuzaji alikuwa akipata kidogo zaidi. Ujenzi wa nyumba ulipoporomoka Marekani muda mfupi baadaye, bei zilianguka na viwanda vikajikuta vikilipa kiwango cha juu kabisa kwa muda mrefu, ilhali vingine vilikuwa vikifungwa.

Lakini hoja iliyochoma zaidi bungeni ilihusu fedha zilizokwisha kushikiliwa. Takriban dola bilioni 4 zingerudishwa, na dola bilioni 1 ingebaki Marekani, nusu yake ikiwaendea wenye viwanda walewale waliofungua mashtaka. Kampuni ambazo hazikujiunga na utaratibu wa serikali wa kurudishiwa fedha zingetozwa ada maalumu ya asilimia 18 ya marejesho yao, na wapinzani waliiona ada hiyo kuwa adhabu kwa yule aliyetaka kuendelea na kesi yake mwenyewe. Makubaliano yalianza kutumika tarehe 12 Oktoba. Siku iliyofuata, tarehe 13 Oktoba, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba fedha hizo zilipaswa kurudishwa zote.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mjadala ulikuwa mkali. Chama cha Conservative cha Waziri Mkuu Stephen Harper kilikuwa kimeshinda viti 124 kati ya 308 katika uchaguzi wa Januari, kwa hiyo hakikuweza kupitisha lolote peke yake, na Harper aliufanya mswada huo kuwa suala la imani kwa serikali yake: ukianguka, serikali nayo ianguke. Chama cha Liberal na chama cha NDP (New Democratic Party) viliupinga, na Peter Julian wa NDP ndiye aliyesimama mstari wa mbele kuujadili kifungu kwa kifungu. Kilichouokoa ni kura za Bloc Québécois, chama cha Quebec kilichokuwa kimeshinda viti 51. Emerson mwenyewe alikuwa amechaguliwa Januari mwaka huo kwa tiketi ya Liberal, kisha akahamia upande wa serikali mwezi uliofuata, na wapinzani hawakumsamehe. Mswada ulipata idhini ya mwisho tarehe 14 Desemba 2006, nayo ada ikahesabiwa tangu tarehe 12 Oktoba, yaani kwa zaidi ya miezi miwili kabla ya sheria kukamilika.

Maoni yangu ni haya. Ninawaelewa wenye viwanda vidogo ambao fedha zao zilikuwa zimeshikiliwa kwa miaka minne, kwa sababu hukumu ya mahakama hailipi mishahara ya Ijumaa. Hata hivyo naamini wapinzani walikuwa na haki kuhusu lile lililo kubwa: ukimwachia mshtaki nusu bilioni baada ya kumshinda, unamwonyesha njia ya kurudi.

SWALI: Mimi ni seremala hapa Kibuye, Kisumu, na mbao ninazotumia nyingi zinatoka ng'ambo ya mpaka. Serikali yetu ikifanya makubaliano ya mbao na nchi nyingine, je, wabunge wetu watapata nafasi kama ile ya Wakanada? – Fundi, Kisumu

JIBU: Kwa upande mmoja watapata kubwa zaidi. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinaufanya mkataba ulioidhinishwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria zetu, na Sheria ya Kufanya na Kuidhinisha Mikataba ya 2012 inataka mkataba, baada ya kupita katika Baraza la Mawaziri, upelekwe kwa Spika ili Bunge la Taifa liukubali, liukubali pamoja na masharti, au liukatae. Kwa hiyo mbunge wako anaujadili mkataba wenyewe, si kodi peke yake. Sheria hiyohiyo pia inataka wananchi washirikishwe. Kifungu cha 210 nacho kinasema kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria.

Kwa upande mwingine mikono yao imefungwa zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania zimo katika umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2005, na ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hupangwa kwa pamoja, si Nairobi peke yake. Kuna pia mlango ambao ningependa ninyi mafundi muuangalie: sheria ya 2012 haiyahusu makubaliano ya nchi mbili yanayochukuliwa kuwa ya kiufundi au ya kiutawala. Makubaliano ya mbao yakipewa jina hilo, yanaweza kuanza kutumika bila mjadala wowote bungeni. Mkisikia mazungumzo ya aina hiyo, ulizeni mapema yamewekwa katika fungu gani, na mwulizeni mbunge wenu kwa maandishi.

SWALI: Je, makubaliano hayo ya 2006 yangali yapo? – Msomaji, Molo

JIBU: Hapana. Yaliongezewa muda mara moja, mwaka 2012, yakamalizika tarehe 12 Oktoba 2015. Kwa mwaka mmoja baada ya hapo hapakufunguliwa malalamiko mapya, kama ilivyokuwa imekubaliwa. Mwezi Novemba 2016 wenye viwanda wa Marekani waliwasilisha ombi lao, mwaka 2017 ushuru ukarudi mpakani, na hoja waliyoileta ni ileile ya 1982 kuhusu bei ya mti uliosimama katika msitu wa serikali.