Jibu: Chelezo ya asubuhi inafika jioni haijaguswa

Pole sana mkuu. Umesema uliingia saa mbili asubuhi kuweka chelezo (nakala ya akiba) ya hifadhidata, ukakuta diski imejaa, ukaanza kufuta logi (faili za kumbukumbu za matukio ya seva), kutoka hapo ukahamia kusasisha seva, na saa kumi jioni chelezo bado haipo. Yamenikuta hayo, na yanauma, kwa sababu unachoka kweli na huna cha kuonyesha.

Kila ukikutana na kitu kibovu njiani, jiulize: kinazuia kazi yangu, au kinanikera tu? Diski ilikuzuia, hapo hukukosea. Lakini ulihitaji nafasi ya chelezo moja, basi. Amri ya du ingekuonyesha kinachokula nafasi ndani ya /var/log, folda ya logi, unaondoa logi za zamani zisizohitajika, unarudi kwenye kazi yako. Tena kama hifadhidata yako ni ya PostgreSQL, pg_dump, amri yake ya kutoa chelezo, unaweza kuipitisha kwenye SSH (njia salama ya kuunganisha mashine mbili) moja kwa moja hadi mashine nyingine, diski hiyo usiiguse kabisa. Kupanga logrotate, programu ya kuondoa logi za zamani yenyewe, ni kazi ya siku nyingine.

Kusasisha seva kabla ya chelezo ndiko kulikonishtua. Kingeharibika kitu, ungerudi wapi?

Mimi naweka daftari kando ya kibodi. Juu naandika kazi ya leo kwa sentensi moja, chini yake yote ninayoyakuta njiani, nayaacha hapo. Kesho anza na chelezo, na ujaribu kuirejesha kwenye mashine ya majaribio kabla hujafungua hata barua pepe.