Kidato cha nne anakesha lakini alama hazipandi

Pole mama. Umesema mwanao anasoma mpaka saa nane usiku, saa kumi na moja ameshaamka kuwahi daladala, na bado mtihani wa utamilifu (ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa) umemwangusha hisabati na fizikia. Anza na usingizi. Ubongo hukaza ulichosoma wakati umelala, kwa hiyo kulala kwa muda wa saa tatu tu kunamfutia sehemu ya kazi ya usiku. Alale saa nne usiku, hata kama sura haijaisha.

Pili, kusoma kwa macho kunadanganya: kila kitu kinaonekana anakijua. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kusahihisha. Dakika 40 kazi, 10 kupumzika, simu ikae kwako. Mada hiyo airudie kesho yake, halafu baada ya wiki.

Jumamosi asubuhi, kabla joto halijapanda, afanye karatasi ya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya mwaka uliopita kwa muda kamili, bila kuangalia majibu. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanahesabu alama, wanaiweka pembeni. Kaa naye, kila kosa mliwekee alama: hakujua, alisoma swali vibaya, au muda uliisha. La kwanza linataka mwalimu. La pili, apigie mstari neno la amri, kama "explain" (eleza) au "calculate" (kokotoa). La tatu, aanze na maswali anayoyaweza. Huhitaji kujua fizikia kufanya hivyo.

Na tafadhali, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Muulize leo kipi kimemshinda, umsikilize.