Maswali na Majibu: Urafiki na Mungu hauna wakala

Tangu niandike juu ya Ibrahimu kuitwa rafiki wa Mungu, barua zimezidi nafasi ya safu hii, nami nimechagua chache. Walioomba tafsiri ya ndoto wasinisubiri. Nimekwisha kusema mara tatu kwamba hapa hatutafsiri ndoto.

*Mwalimu, shikamoo. Ninauza chai na vitumbua stendi. Ninaamka saa tisa usiku na kurudi nyumbani saa mbili usiku, nikiwa hoi. Mhubiri mmoja alisema redioni kwamba asiyeomba saa nzima kila siku hamjui Mungu. Je, nimepotea? (Mama wa vitumbua, Morogoro)*

Marahaba, mama. Hujapotea. Nadhani mhubiri huyo alikuwa akifikiria Gethsemane, pale Yesu alipowauliza wanafunzi kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja, akasahau kwamba swali lile waliulizwa watu watatu waliosinzia usiku mmoja, wala halikuwa ratiba ya Wakristo wote. Msome Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, mtu wa kazi ya kusimama kama wewe. Mfalme alipomwuliza ana haja gani, Nehemia alimwomba kwanza Mungu wa mbinguni, kisha akajibu (Nehemia 2:4-5). Dua ile ilipenya kati ya swali na jibu, na mfalme hakujua kwamba amesubirishwa. Basi sema na Mungu unapomimina unga kwenye kikaango, umtajie yule dereva anayekohoa na yule mteja aliyeondoka bila kulipa.

Lakini usiishie hapo. Dua ile fupi ilitanguliwa na siku za kufunga na kulia. Ukihesabu kutoka mwezi Kisleu wa sura ya kwanza hadi Nisani wa sura ya pili, unapata kama miezi minne. Tafuta basi alasiri moja katika juma, hata kama ni Jumapili baada ya kufua, ukae naye bila haraka. Marafiki wanaopungiana mikono tu barabarani, mwaka ukiisha hawana la kuambiana.

*Nifanye nini ili Mungu ajibu maombi yangu haraka? (Wasomaji wengi, wengine kwa mara ya pili)*

Hakuna njia ya mkato, na anayekwambia ipo ana kitu cha kukuuzia.

*Nabii mmoja huniombea kila Ijumaa kwa simu, nami humtumia shilingi 20,000 za kufungua kinywa chake. Mwezi huu sikuwa na fedha, naye amesema malaika wangu amefungwa. Nifanyeje? (Binti, Mwanza)*

Binti yangu, acha kutuma leo hii. Shilingi 20,000 kwa Ijumaa nne ni 80,000, na kwa fedha hizo umenunua nini zaidi ya hofu? Tumezoea wakala kwa kila jambo: wakala wa kutoa fedha, wakala wa bima, dalali wa chumba. Sasa tumemwekea na Mungu wakala, mwenye tozo zake na mtandao unaokatika salio likiisha. Simoni wa Samaria alipowatolea mitume fedha ili apate karama, Petro alimjibu kwamba fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Sioni kwa nini jibu liwe tofauti pale anayeomba fedha anapokuwa ndiye mwenye kujiita mtumishi.

Sisemi kwamba ni vibaya kuombewa. Mwombe jirani, mwombe mzee wa kanisa, waombe wenzako wa jumuiya. Hao wataomba pamoja nawe, na kesho yake watakuuliza unaendeleaje. Huyu wako anaomba badala yako, kusudi usijifunze kamwe kuomba mwenyewe. Fungua 1 Wafalme 13 usome habari za mtu wa Mungu aliyeagizwa na Mungu asile wala asinywe kule Betheli, akaja nabii mzee akamwambia kwamba malaika amebadilisha agizo. Mzee yule alisema uongo. Mtu wa Mungu aliacha neno alilolisikia mwenyewe, akafuata neno alilosimuliwa na mtu mwingine, na njiani simba akamwua. Ujumbe wote wa simu uhifadhi, na akianza kukutishia uupeleke polisi bila kuona aibu.

*Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Nasali, lakini ni kama nasema na ukuta. Wenzangu wa kikundi wanasema imani yangu ni ndogo. (Mjane, Nakuru)*

Pole sana, dada. Wenzako wamekosea, nami ningewaomba wanyamaze kidogo. Katika Zaburi kuna mtu anayeuliza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” na swali hilo limo katika kitabu kile kile tunachokiita neno la Mungu. Zaburi ya 88 ni nzito zaidi, kwa maana inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ule mstari wa sifa tuliozoea kuungoja mwishoni. Lakini angalia kwamba mwenye zaburi hiyo hakuacha kusema na Mungu, hata alipokuwa akimlalamikia kwamba amemtenga na rafiki zake. Mtu humlalamikia yule ambaye bado anaamini kwamba yupo na anasikia. Ukikosa maneno yako, soma hayo kwa sauti usiku, hata mara moja tu, kisha ulale. Usijilazimishe kutoa ushuhuda wa ushindi kwa sababu kikundi kinausubiri. Na chakula ule, dada, kwa sababu wafiwa wengi husahau.

*Je, ni sawa kumwita Mungu “mshikaji wangu”? Huwa najisikia huru nikimwita hivyo. (Kijana, Arusha)*

Uhuru huo usiutupe, ila neno lenyewe lipime. Ibrahimu alimsihi Mungu kwa ajili ya Sodoma akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu, lakini katikati ya kusihi huko alijiita mavumbi na majivu. Alipewa jina la rafiki, hakujitwalia. Mshikaji ni yule unayeweza kumwacha kijiweni na kumwambia tutaonana kesho.

*Mume wangu haji kanisani. Anasema yeye na Mungu ni marafiki na wanaelewana nyumbani. (Mke, Tanga)*

Mwulize kwa upole ni lini mara ya mwisho rafiki huyo alimkataza jambo. Yesu alisema, “Ninyi mmekuwa rafiki zangu, mkitenda niwaamuruyo.” Ukishamwuliza, nyamaza, kelele za Jumapili asubuhi hazijampeleka mume yeyote kanisani.

*Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Nilitumia shilingi 300,000 za wenzangu na hakuna aliyegundua. Nikipiga magoti ninaona nyuso zao. Nimefunga siku saba, hali ni ile ile. (Jina limehifadhiwa, Kahama)*

Hata ukifunga siku arobaini, kikoba kitabaki kinakudai. Unaomba Mungu akuondolee nyuso hizo, nami naona huenda ndiye anayekuonyesha. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuandikiwa mfungo. Alisimama mbele ya watu akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo hilo hilo: watu walikiri wizi kwa mdomo, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Siku hizi tumebakiza nyimbo zao, marejesho tumeyaacha.

Namjua fundi cherehani ambaye, kabla ya kukata, hulaza kiganja juu ya kitambaa na kusema kwa sauti ya kawaida, chaki ikiwa sikioni, “Bwana, hiki ni cha watu.” Kisha hukata. Siku niliyokwenda kuchukua suruali alinikabidhi na vipande vilivyobaki, vimefungwa kwa uzi, kingine hakitoshi hata kushonea mfuko. Nilimwambia avitupe. Akasema ni vyangu, nikavitupe mwenyewe.

Nenda kwa mwenyekiti kabla ya kikao kijacho, mkiwa wawili, na uende na kiasi chochote ulichonacho mkononi. Wanaweza kukuvua uweka hazina, nao watakuwa na haki. Usimwombe Mungu akuepushe na hilo.

*Nikiwa peke yangu huomba kwa Kihaya na moyo hufunguka. Kanisani naona aibu, maana Kiswahili changu cha maombi si kizuri kama cha wengine. (Msomaji, Bukoba)*

Endelea na Kihaya chako. Ukipewa zamu kanisani, sema sentensi tatu, useme amina, ukae, washirika watakushukuru.