Maswali ya wasomaji: Laptop moja, wanafunzi sabini

Swali: Shikamooni. Mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Mpwapwa, masomo yangu ni fizikia na hisabati. Mwezi ujao naenda BTP (mazoezi ya kufundisha) katika shule ya kata yenye umeme lakini isiyo na intaneti, na kidato cha pili kina wanafunzi zaidi ya sabini. Nina laptop na simu janja. Wenzangu wamenitumia orodha ya programu thelathini. Nianze na ipi?
*Mwalimu mtarajiwa, Mpwapwa*

Jibu: Marahaba, mwalimu. Orodha hiyo iweke kando kwanza. Programu nyingi za aina hiyo zinataka kila mwanafunzi awe na simu mkononi na mtandao usiokatika, na shule zetu haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Kinachokufaa ni kile kinachofanya kazi kwa laptop moja, na ambacho umeshakipakua kabla hujapanda basi. Kwa masomo yako tunakupa viwili.

Cha kwanza ni PhET, mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati ya kwenye kompyuta uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni bure. Fungua ukurasa wa jaribio unalolitaka, mathalani *Circuit Construction Kit: DC*, bonyeza alama ya kupakua, utapata faili moja linaloishia na .html. Hilo hufunguka kwa Chrome au Firefox bila intaneti. Lijaribu ukiwa bado chuoni, data ikiwa imezimwa. Ukikutana na jaribio la zamani la Flash, achana nalo: Flash ilisitishwa mwishoni mwa 2020 na vivinjari vya sasa haviifungui.

Namna ya kulitumia ni muhimu kuliko programu yenyewe. Katika kipindi cha dakika 40, usiingie na kuanza kuonyesha. Chora saketi ubaoni: betri moja na balbu mbili zilizofungwa mfululizo. Uliza: tukiongeza balbu ya tatu kwenye mstari huohuo, mwanga wa kila balbu utaongezeka, utapungua au utabaki vilevile? Kila mmoja aandike jibu daftarini, kisha wanyooshe mikono nawe uandike idadi ubaoni. Hapo ndipo uwashe laptop. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika jibu lake anatazama akitaka kujua kama amepata. Ambaye hajaandika anatazama rangi tu. Dakika 15 za skrini zinatosha. Zikizidi, darasa linageuka banda la video.

Angalizo moja la kifizikia: balbu ya kawaida ndani ya jaribio hilo hufuata kanuni ya Ohm, lakini balbu halisi ya uzi haifuati, kwa sababu uzi ukipata joto ukinzani wake huongezeka. Ukipima zote mbili mbele ya darasa bila kulisema hilo, vipimo vitapishana na utaulizwa. Betri za tochi, waya na balbu ndogo bado vibebe.

Cha pili ni Kolibri, maktaba ya masomo inayokaa kwenye laptop na kusambazwa kwa kompyuta nyingine bila intaneti. Inafaa iwapo shule ina chumba cha TEHAMA au tableti kadhaa. Kama hakuna, iruke. Unapopakua usichukue chaneli (mkusanyiko wa masomo) nzima, maana ile ya Khan Academy peke yake ni makumi ya GB. Ingia ndani yake uchague mada utakazofundisha tu.

Wengi hukwama kwenye kuunganisha. Windows ikiwa haina intaneti mara nyingi hukataa kuwasha hotspot yake, hivyo tumia ya simu: zima data kwanza, kifurushi chako kisije kikaliwa na kompyuta za shule zinazojisasisha, kisha washa hotspot na uunganishe laptop na kompyuta nyingine. Kwenye laptop fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma namba iliyo mbele ya IPv4. Kompyuta nyingine ziandike namba hiyo kwenye kivinjari, ikifuatiwa na :8080. Ukurasa usipofunguka, mara nyingi ni ngome ya Windows (firewall) inayozuia. Badili mtandao huo kutoka Public kuwa Private na uiruhusu Kolibri ipite. Pia hotspot za simu nyingi hazipokei zaidi ya vifaa 8 au 10, kwa hiyo wapange wanafunzi kwa makundi na kwa zamu.

Vitabu vya kiada vipakue mapema kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Swali: Mkuu wa shule ninakofanyia mazoezi ananitaka ushauri kwa kuwa mimi ni "kijana wa kompyuta". Anunue projekta au TV ya inchi 43? Umeme wetu hukatika, na kuna betri ya sola ya 12V, 100Ah.
*Mwanachuo, Kongwa*

Jibu: Tupige hesabu ya betri. 12 × 100 ni Wh (wati-saa) 1,200. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, zinabaki 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, nayo hula kama asilimia 15, unabaki na 510 hivi. Projekta ya taa ya W 300 pamoja na laptop ya W 50 ni 350, na kipindi pacha cha dakika 80 kinataka karibu Wh 470. Kipindi kimoja, betri imekwisha. TV ya W 80 na laptop hiyohiyo ni 130: unapata karibu saa nne.

Basi TV? Subiri. Skrini ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 hivi, na kipimo kinachotumika sana ni kwamba maandishi husomeka vizuri hadi umbali wa mara sita ya kimo cha picha. Hiyo ni mita 3.2. Waliokaa dawati la nyuma, mita 8 kutoka ubaoni, wataona mwanga tu. Picha ya projekta yenye kimo cha mita 1.5 inafika mita 9.

Ushauri wetu: kama darasa ni kubwa na umeme wa gridi upo siku nyingi, projekta, kama mtategemea sola, TV, na wanafunzi wasogee mbele kwa makundi. Akichagua projekta, atafute iliyoandikwa ANSI lumens (kipimo cha mwanga) 3,000 au zaidi. Zile ndogo za bei poa huandikwa namba kubwa bila neno ANSI, na jua la Dodoma la saa nne asubuhi litaifuta picha yote. Mashine nyingi huhitaji kukaa mita 3 kutoka ukutani ili kupata picha yenye upana wa mita 2. Inveta iwe ya pure sine wave, yaani itoayo umeme laini kama wa gridi. Maandishi yawe ya saizi 32, mistari isizidi kumi.

Adui mkubwa wa projekta huku kwetu ni vumbi la kiangazi. Likiziba chujio, mashine hupata joto na kujizima baada ya dakika chache, na watu hudhani taa imeungua. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, safisha chujio kila wiki kwa brashi laini. Wala msichomoe waya ghafla: izimeni kwa kitufe, feni ipoze taa kwanza.

Swali: Je, kuna njia ya kusahihisha majaribio ya kuchagua kwa simu?
*Mwalimu mtarajiwa, Chamwino*

Jibu: Ipo: ZipGrade. Unachapa karatasi zake za majibu, unaingiza majibu sahihi, unapitisha kamera, nayo husahihisha hata bila intaneti. Bila malipo unapata karatasi 100 kwa mwezi, yaani jaribio moja la darasa la sabini. Ikigoma kusoma, angalia miraba minne myeusi ya pembeni: fotokopi ya fotokopi huikata au kuipindisha. Kivuli cha mkono wako nacho huharibu. Maswali ya kujieleza yanabaki kwa kalamu nyekundu.

Swali: Naruhusiwa kuandaa andalio la somo kwa akili mnemba?
*Mwanachuo, Dodoma mjini*

Jibu: Uliza chuo chako, taratibu zinatofautiana. Mkiruhusiwa, itumie kupata maswali ya mazoezi na mifano, kisha linganisha na muhtasari wa somo, kwa sababu huweza kukupa umahiri na mada zisizomo kwenye mtaala wetu, tena kwa kujiamini kabisa. Majibu ya hesabu yakokotoe mwenyewe. Majina, alama na picha za wanafunzi usizipandishe huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nao. Na andalio lichape: mkufunzi akija kukukagua ataliomba kwenye karatasi, umeme uwepo usiwepo.