Mji Kasoro Bahari, na Mzee wa Cuban

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Ukipata siku mbili tu na mwenzi wako, mtatoka Dar mwende wapi, na msituambie Zanzibar?" Nimecheka peke yangu jikoni, maana ubishi huo huo ulitokea sebuleni kwetu Tabata mwezi Julai. Tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa, watoto wametuchangia hela kidogo, wakasema nendeni mkapumzike. Mimi nilikuwa nishaiona boti ya Zanzibar machoni. Mzee wangu akasema Moro, yaani Morogoro, mji wenye kila kitu kasoro bahari. Nikamuuliza, Moro kuna nini cha kusherehekea ndoa? Akajibu neno moja: "Mbaraka."

Wasomaji wadogo mtanisamehe, nitaeleza. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyeitwa Soloist National kwa jinsi alivyolicharaza gita la solo, alijiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965 akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, bendi ya mji ambao hata bahari hauna. Mwaka 1973 akatoka na kuanzisha Super Volcano yake. Januari 12, 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, ana miaka 34. Mume wangu alikuwa mtoto mdogo siku hiyo, lakini anavyoisimulia utadhani alikuwepo kwenye gari.

Basi nilishindwa. Ila niliweka sharti: yeye atafute Mbaraka wake, mimi nipande mlima wangu, Uluguru, na tulale mahali pazuri.

Tulikwenda na treni ya umeme. Nauli Sh13,000 kila mmoja, na kabla hujamaliza kumsema jirani umeshapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, umefika. Chini ya saa mbili. Sisi wa zamani tuliokuwa tunapoteza nusu ya siku Kibaha na Chalinze kwenye basi, tunakaa kwenye kiti kile tunajiona wageni. Kitu kimoja tu nilikikosa: dirisha halifunguki, hakuna mtu wa kukimbilia na beseni la machungwa.

Mahali pazuri pa kulala nako, mmh. Nilikuwa nimepiga simu gesti moja, wakaniahidi chumba "kinachotazama Uluguru." Tulipofungua pazia tukakuta ukuta wa jirani na simtanki jeusi la maji. Mume wangu akasimama pale dirishani muda mrefu, mikono nyuma, kama mtalii kabisa, halafu akasema, "Mke wangu, kwa kweli mlima mzuri." Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nawaambia wenzangu: lipa baada ya kufungua pazia.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu. Ukisimama mjini Moro, Uluguru imekukalia kichwani, huna haja ya kuuliza njia. Tulichukua kijana wa kutuongoza, tukapanda kwenda Morningside, kwenye nyumba ya zamani waliyojenga Wajerumani juu kule kwenye baridi. Bodaboda hukusogeza kipande cha mwanzo, kilichobaki ni magoti yako. Njia inapita katikati ya mashamba ya watu: magimbi, maharage, migomba, na juu zaidi stroberi. Na kila baada ya dakika chache unasogea pembeni kumpisha mwanamke anayeshuka sokoni. Mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na kwenye kiganja cha kulia ameshika simu anaongea, hatazami chini hata mara moja. Mimi na raba zangu mpya nilikuwa nimeshikilia mzizi kwa mikono miwili.

Kijana wetu alikuwa mjuzi wa mambo. Alituambia kwamba wakoloni wa Kiingereza walitaka kuwalazimisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 watu walikataa mpaka ikawa ghasia. Mume wangu, ambaye hadi hapo alikuwa anahema tu, akapata sababu ya kupumzika: "Ngoja, ngoja, rudia hiyo." Akarudiwa mara tatu.

Tulikaa kwenye kijito, maji ya baridi ya kuuma meno. Kijana akauliza tunatoka Dar sehemu gani. Tabata. Akacheka: "Basi haya ni maji yenu. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, Ruvu ndiyo mnayokunywa." Nilinawa uso kwa heshima zote.

Sasa kwenye zamu ya mzee ndiyo nilitaka hasa mnisikilize, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika. Tulizunguka mchana mzima kutafuta chochote chenye jina la Mbaraka: jumba la makumbusho, sanamu, hata kibao cha bati. Sisi hatukukiona. Dereva wa bajaji, kijana wa kama miaka 20, alituuliza, "Mbaraka yupi, wa duka la simu?" Mume wangu alinyamaza mpaka tukashuka. Na hapo ndipo nilipomkumbuka yule wa Zanzibar tuliyemkimbia. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, familia yake ikaondoka 1964, na tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani, wageni wanapanga foleni. Sina ugomvi naye, sauti alikuwa nayo. Lakini Mbaraka aliyetuimbia kwa lugha yetu habari za shida, mapenzi na unafiki wa marafiki, unamtafuta mjini kwake kwa bajaji na humpati. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea, mimi ambaye sikutaka hata kuja.

Tuliishia barazani, karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, kwenye kahawa. Kashata, vikombe vidogo, wazee wanne na draft. Mume wangu akaamkia, "Shikamooni wazee wangu." Wakaitikia. Akakaa, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, ndipo akauliza kwa adabu kama kuna anayemkumbuka Mbaraka.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua hakuinua macho kwenye draft. Akasogeza kete. Akasema, "Mimi ni Cuban."

Niliona uso wa mume wangu ukishuka. Maana hapo mjini bendi kubwa zilikuwa mbili, na mtu alikuwa wa huku au wa kule kama Simba na Yanga. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Cuban Marimba ilikuwa ya Salum Abdallah, aliyeanza harakati zake za bendi mwishoni mwa miaka ya 40 kwa kupenda rumba za Kuba zilizokuja na santuri. Salum naye alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965, mwaka ule ule Mbaraka alioingia Jazz. Nilikuwa sijawahi kuziweka tarehe hizo pamoja.

"Babu, lakini solo la Mbaraka…" mume wangu akaanza.

"Solo zuri," mzee akakubali. "Kelele nyingi." Kete nyingine. "Salum alikuwa anaimba, unasikia maneno. Na baada yake Juma Kilaza akaishika Cuban, haikulala. Ninyi wa Jazz mlikuwa mnapenda vumbi."

Ninyi wa Jazz! Mume wangu, mtu wa Tabata, mhasibu mstaafu mtarajiwa, aliyepewa uraia wa Morogoro Jazz papo hapo. Akavua miwani. Akaanza kujitetea kwa vidole, nawaambia, kwa vidole kabisa, anagonga solo ukingoni mwa benchi, ta-ta-ri-ta, kiganja cha kushoto kinashika gita ambalo halipo. Mzee wa pili akamdaka kwa kinywa, akaingiza besi. Wa tatu akapiga kijiko kwenye birika. Yule wa Cuban alivumilia kama dakika moja, mdomo umekaza, halafu nikaona kandambili ya mguu wake wa kulia inapanda na kushuka. Mume wangu naye aliiona. Hakusema kitu, mzee ni mzee.

Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Kahawa ilitugharimu pesa isiyofika hata nauli ya daladala mbili, na sijawahi kumuona mtu wangu ana furaha hivyo tangu mtoto wa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni Moro, ila si kwa mpango tuliokwenda nao. Msiende na orodha ya majengo. Sikilizeni kwanza nyumbani nyimbo mbili tatu za Jazz na mbili tatu za Cuban, mjue upande wenu, halafu mkatafute wazee wa kahawa wakati wangali wapo. Mlima ufanyeni asubuhi, mapema, na si wakati wa masika, utelezi ule hauna mzaha. Na mkienda wiki ya Nane Nane wekeni chumba mapema, mji unafurika watu wa maonyesho.

Nikiwa mkweli, Zanzibar bado naitaka. Nimeshamwambia mwakani ni zamu yangu.

Jumapili usiku tulirudi Tabata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba. Likakoroma, likatoa hewa, likanyamaza. Mume wangu akaniita kutoka sebuleni, redio tayari iko mkononi:

"Usihangaike nalo. Uliyanawia kule kule."

Msomaji wenu, Tabata, Dar es Salaam