Kila kitu HD, isipokuwa waya

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: picha ya HD, yaani ile ya televisheni iliyo kali kuliko ya kawaida, ilipoingia nyumbani kwako kwa mara ya kwanza, ilikuwaje? Kwangu iliingia mara mbili. Mara ya kwanza tuliisifia miezi minane, kumbe haipo.

Sisi ni watu wa Temeke. Mitambo ya analojia, ile ya zamani ya kurushia televisheni, ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikabaki dijitali. Dodoma, Tanga, Mwanza na wengine wakafuata mwaka 2013. Kwetu mwaka mpya ulitukuta tunatazama chenga, maana baba watoto alishikilia kwamba serikali itaongeza muda. Haikuongeza. Tukapanga foleni ya king'amuzi Januari pamoja na wabishi wenzetu.

Kusema kweli king'amuzi kile cha kwanza kilinikera. Zamani upepo ukiyumbisha antena picha inachafuka, lakini mtu unamwona na sauti unaisikia. Mmoja anapanda juu kuzungusha bomba, mwingine yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo, usiguse!" Dijitali haina nusu. Mawimbi yakitosha, picha safi. Yakipungua kidogo tu, sura ya msomaji habari inakatika vipande vipande vya mraba, mdomo unaganda wazi, halafu kioo cheusi. Huna hata chenga za kukufariji.

Novemba 2013 baba watoto akaja na televisheni bapa ya inchi 32. Kwenye kona ina kibandiko kimeandikwa HD, ambacho tulikiacha hapo hapo ili wageni wasome. King'amuzi kipya cha dishi nacho kimeandikwa HD. Majirani wakaja, soda zikanunuliwa, tukakaa tunasifia: "Oneni majani ya uwanja!" Majani yenyewe yalikuwa ukijani mmoja tu, kama busati. Na watangazaji wote wa mjini walikuwa wamenenepa ghafla, kwa sababu picha ya umbo la kizamani ilivutwa ijaze kioo kipana. Mama mkwe aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule dada wa taarifa ya habari ni mjamzito. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba haoni tofauti. Hela ilikuwa imeshatoka.

Basi mwanzoni mwa Julai 2014, Kombe la Dunia limepamba moto, dishi likasogezwa na upepo na fundi akaitwa. Alipomaliza juu ya bati akaingia ndani, akachungulia nyuma ya televisheni, akacheka.

"Mama, nani aliwafungia hii?"

Ilikuwa zile nyaya tatu: njano, nyekundu na nyeupe, zilizokuja ndani ya boksi. Akanieleza kwamba nyekundu na nyeupe ni za sauti, picha yote inapita kwenye ule mmoja wa njano, na ule haujui HD. Unabeba picha ya ukubwa wa zamani, iliyochorwa kwa mistari 576, wakati HD ni 720 au 1080. Kwa hiyo king'amuzi kilikuwa kinapokea HD kutoka angani, tena tunailipia kila mwezi, kisha kinaipunguza ndipo iingie kwenye waya. Safari ya kilomita 36,000 kutoka kwenye setilaiti, halafu inakwama kwenye mita moja nyuma ya kabati!

Alikuwa na waya wa HDMI, ule unaopitisha HD, kwenye begi. Shilingi 15,000, nikatoa bila kumpigia simu baba watoto.

Mimi ni mshonaji, macho yangu yanakwenda kwenye nguo kwanza. Tarehe 8 Julai, nusu fainali ya Brazil na Ujerumani, saa tano usiku, mwezi wa Ramadhani, mtaa mzima uko macho unasubiri daku. Wajerumani walivaa jezi za mistari mipana, nyekundu na nyeusi. Kamera iliposogea niliona mshono wa bega. Mshono, si kivuli cha mshono. Nikaanza kukagua kama mistari imekutana ubavuni, ila hawasimami, wanakimbia tu. Na majani ya uwanja, safari hii, yalikuwa majani.

Lakini HD ilikuja na jambo ambalo fundi hakututajia. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda umiza, king'amuzi chao ni cha kampuni nyingine, na kilikuwa kinatangulia chetu kwa sekunde kadhaa. Picha hizi hubanwa kabla ya kurushwa na hufunguliwa kwenye king'amuzi, na si wote wanaofika pamoja. Kibanda kikapiga yowe, baadaye kidogo Klose wa Ujerumani akafunga kwetu, dakika ya 23. Hatujakaa vizuri, yowe jingine.

"Hao wanashangilia marudio," akasema baba watoto.

Marudio yapi, Kroos, Mjerumani mwingine, alikuwa ameshafunga. Yowe tena, Kroos tena. Yowe tena, Khedira. Mabao manne ndani ya dakika sita, na yote tuliyasikia kwa jirani kabla ya kuyaona. Baba watoto, shabiki wa Brazil tangu utoto, aliumizwa mara mbili kwa kila bao: mara moja kwa sikio, mara moja kwa jicho.

Fainali ya tarehe 13 hakuitazama nyumbani. Alikwenda kibandani, kwenye picha ya ukungu, akaniachia HD yangu na mishono yangu. Usiku umeshapita saa sita, dakika ya 113, Götze wa Ujerumani bado hajaupokea mpira wa bao kwenye kioo changu, nikasikia sauti ya mume wangu kutoka ng'ambo ya barabara.