Maswali Yenu: Huyu wa nje kabisa uwanjani ana kazi gani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mtoto wa dadangu kila jioni ananionyesha klipu za besiboli kwa simu, na mi naona kuna watu watatu wamesimama mbali huko kwa majani kama wamesahauliwa, mpira wanaupata mara chache tu. Sasa ananiambia ati mmoja wao, Roberto Clemente, ndo mkubwa wao. Kivipi? Na yeye mwenyewe anatupa jiwe hapa ufuoni hadi watu wanashangaa, je anaweza kufika huko?
Mamake mdogo, Maweni, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam mama. Kijana hajakudanganya. Wale watatu wanadaka mipira iliyopigwa mbali, ikidakwa kabla haijagusa chini mpigaji ashatoka, lakini hiyo ndo rahisi, manake kama kuna mkimbiaji kituo cha tatu, yaani cha mwisho kabla ya pale pa kufungia pointi, anaruhusiwa kutimua mbio kwenda kutafuta pointi pale mpira unapoingia tu kwa glavu, kwa hivyo wa nje lazima adake na arushe hapo hapo, na mpira utangulie miguu ya yule. Wa upande wa kulia ndo anatakiwa mkono mkali zaidi sababu kutoka kwake hadi kituo cha tatu, ambako mkimbiaji wa kituo cha pili hukimbilia, ni mbali mno. Hapo ndo aliposimama Clemente. Na mkimbiaji akishaujua mkono wake hatoki, anabaki kituoni, sasa mtu kuogopa kukimbia klipu itaionyesha vipi? Ndo maana unamwona kama hana kazi.

Alizaliwa Agosti 1934 mji wa Carolina, Puerto Rico, babake msimamizi kwenye mashamba ya miwa. Shuleni alirusha mkuki, na ule mkono wengi wanasema ulijengeka huko. Kwenye ligi kuu ya Marekani alichezea Pittsburgh Pirates kuanzia 1955 hadi 1972, timu moja tu, na tuzo ya Gold Glove ya wadakaji bora akaichukua miaka 12 mfululizo. Mipigo ya kufika kituoni salama, 3,000 kamili, wa mwisho aliupiga 30 Septemba 1972.

Lakini hakupokelewa vizuri. Mwisho wa 1954 dereva mlevi aligonga gari alilokuwemo, mgongo ukamsumbua miaka yote, na akisema anaumwa kuna waandishi walimwita mvivu, tena wakawa wanamwandika Bob na yeye anasema jina langu Roberto. Mtu mweusi, lugha yake Kihispania, kejeli zikamjia pande zote. Mimi hilo linaniuma kweli. Halafu 1971 Pirates wakachukua ubingwa, mechi zote 7 za fainali Clemente alipata mpigo salama, akawa mchezaji bora, na mbele ya kamera za Marekani nzima kitu cha kwanza alichofanya ni kuongea Kihispania kuwaomba wazazi wake radhi, yaani baraka zao. Mama, wewe mtu wa pwani, hapo huhitaji maelezo yangu.

Desemba 1972 tetemeko likabomoa Managua, Nicaragua. Alikusanya misaada, akasikia inachukuliwa na askari wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, akasema basi naenda nayo mwenyewe. Ndege ilikuwa imebebeshwa kupita kiasi, ikaanguka baharini karibu na San Juan usiku wa tarehe 31, na mwili wake haukupatikana. Huku kwetu Malindi na Lamu ziko familia zinazojua bahari kukunyima hata kaburi. Alikuwa na miaka 38 na watoto watatu. Sheria ya kungoja miaka mitano ili kuingia kwenye jumba la magwiji wa besiboli iliwekwa kando kwa ajili yake, 1973 akaingizwa.

Kuhusu kijana: Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ile ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, na timu ilikuwa hiyo hiyo Pirates, ingawa yeye hakuwa wa nje. Kwa hivyo mtu wa bara letu ashafika, ila ni njia ndefu na sitaki kukupa tamaa za bure. Kwa sasa ongea na mwalimu wake wa michezo aanze mkuki, Kenya tuna Julius Yego aliyekuwa bingwa wa dunia 2015 kwa mita 92.72, na pia kriketi inafundisha kudaka. Ila asitupe kwa nguvu zote kila siku, bega na kiwiko cha mtoto bado vinakua, akianza kuumwa apumzike kabisa na umpeleke kwa daktari.